Mbwa Kalala, Ubongo Je? Mwongozo Kamili wa Kupima Kina cha Nusukaputi kwa Mawimbi ya Ubongo

Mbwa yuko mezani, amelazwa chali, isoflureni, gesi ya usingizi, inaingia kwa 2%. Ukimgusa kope hapepesi. Taya limelegea. Moyo unapiga mara 85 kwa dakika na shinikizo la damu limeanza kushuka. Amelala vya kutosha, au amezama kupita kiasi? Kwa dalili hizo peke yake, madaktari wawili wazoefu wanaweza kukupa majibu mawili na kila mmoja akawa na hoja. Mapigo yanaweza kupungua isoflureni ikizidi, ila hupunguzwa vilevile na morfini, na baridi ya meza ya chuma, na deksmedetomidini, dawa ya kutuliza, uliyomchoma asubuhi. Jicho nalo husema nusu ya ukweli: kwa mbwa hukaa katikati usingizi ukiwa bado mwepesi, hugeukia chini unapofika pazuri, kisha hurudi katikati akizama mno. Ukilikuta katikati, uko mwanzo au mwisho?

Hapo ndipo mawimbi ya ubongo, yaani EEG, yanapokuwa na la kusema. Mwongozo huu ni kwa daktari wa mifugo, msaidizi wake au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye tayari anajua kumlaza mnyama na kumwamsha salama. Mfano wangu mkuu ni mbwa anayepumua isoflureni, kwa sababu ndiye anayesomeka kwa urahisi. Ketamini, dawa ya sindano inayotumika katika kliniki nyingi za kwetu zisizo na vaporaiza (chombo cha kupimia gesi ya usingizi), ina mambo yake, na nitaifikia.

Kutotikisika si kupoteza fahamu

Chuoni tulifundishwa MAC: kiwango cha gesi ambacho nusu ya wanyama hawajitikisi wakiumizwa. Kwa isoflureni ni takriban 1.3% kwa mbwa na farasi, 1.6% kwa paka. Ni kipimo kizuri, lakini kinapima nini hasa? Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitenganisha mzunguko wa damu wa kichwa cha mbuzi na ule wa mwili, wakapeleka isoflureni kichwani peke yake. Kiwango cha kumzuia mbuzi asijitikise kilipanda kutoka karibu 1.2% hadi karibu 2.9%. Maana yake, kutulia kwa misuli ni kazi ya uti wa mgongo zaidi kuliko ya ubongo.

Kwa hiyo mnyama aliyetulia tuli si lazima awe amepoteza fahamu, na anayevuta mguu daktari akikata si lazima awe ameamka. Hayo ni maswali mawili, na EEG inajibu moja tu kati yake: gome la ubongo liko katika hali gani. Ukinunua kifaa ukitegemea kikuambie kama mbwa atatikisika, utakuwa umetupa fedha. Faida yake kubwa kliniki, kwa maoni yangu, iko upande mwingine kabisa: kukuonyesha mnyama aliyezidishiwa dawa, hasa mzee na mgonjwa, kabla shinikizo lake la damu halijaporomoka.

Unachokitazama

Umeme wa ubongo ulijulikana kwa wanyama kabla ya watu. Mwaka 1875 Richard Caton, daktari wa Liverpool, aliripoti mikondo midogo aliyoipima kwenye ubongo wa sungura na kima. Hans Berger wa Ujerumani alirekodi wa binadamu mwaka 1924 na kuuchapisha 1929. Kinachopimwa ni jumla ya umeme wa maelfu kwa maelfu ya seli za gome la ubongo zinazopanda na kushuka pamoja, na kikifika juu ya ngozi kinakuwa kimebaki mikrovolti makumi tu.

Mawimbi hugawanywa kwa kasi yake: delta ni 0.5 hadi 4 Hz (mizunguko kwa sekunde), theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, na gama juu ya 30. Kwa isoflureni, sevoflureni (gesi nyingine) na propofoli (ya kwenye mshipa), kanuni ya kuanzia ni moja. Mnyama macho ana mawimbi madogo ya haraka. Dawa ikianza kushika, beta inaweza kuongezeka kwa muda mfupi, ndipo mawimbi yanapokuwa makubwa na ya polepole. Dawa ikizidi, mawimbi hukatika: yanalipuka kwa sekunde moja au mbili, kunakuwa kimya, yanalipuka tena. Ikizidi zaidi, mstari unalala.

Hatua ya 1: Chagua kifaa, na ujue kilitengenezewa nani

Vifaa vya hospitali za binadamu ndivyo vinavyojulikana zaidi: BIS, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, SedLine, Narcotrend, na Entropy. BIS hukupa namba kuanzia 0 hadi 100, na kwa mtu anayefanyiwa upasuaji hulengwa 40 hadi 60. Namba hiyo hutoka kwenye hesabu iliyojengwa kwa rekodi za watu wazima. Kichwa cha mbwa hakimo ndani yake. Kwa mbwa na paka namba hiyo inaweza kubaki palepale wakati dawa imeongezwa, na inaweza hata kupanda wakati ubongo umeshaanza kukatika, kwa sababu mashine imeshindwa kuutambua ule ukimya.

Tena namba hiyo husikiliza misuli. Mwaka 2015 madaktari wa Australia walichapisha jaribio ambamo watu 10 waliojitolea walipewa dawa ya kulegeza misuli bila dawa yoyote ya usingizi. Walikuwa macho, wanasikia, wanaelewa. BIS ilishuka chini ya 60. Sasa mfikirie mbwa mwenye misuli minene juu ya fuvu, na umeme wa misuli hiyo unaingia katika hesabu kila dakika. Kwa hiyo kama una BIS ya kuazima, iweke kwenye ukurasa unaoonyesha wimbi lenyewe na uiache namba pembeni.

Njia ya pili ni mashine ya EEG ya njia nyingi, ya aina inayotumika kupima kifafa. Hii ni nzuri kuliko zote, na ni ghali kuliko zote.

Njia ya tatu ni bodi za watafiti na wanafunzi. OpenBCI Cyton, kwa mfano, ina njia 8, huchukua sampuli 250 kwa sekunde kwa biti 24, hutumia betri na kutuma data kwa kompyuta bila waya. Si kifaa cha tiba na haijaidhinishwa kuwa hivyo, kwa hiyo usiifanye msingi pekee wa uamuzi wowote. Ila kwa kujifunza kusoma wimbi inatosha kabisa, na kule kutumia betri kuna manufaa mawili: mgonjwa hajaunganishwa na umeme wa ukutani, na kelele inapungua.

Hatua ya 2: Andaa kichwa

Kazi nyingi huharibikia hapa, basi usiifanye kwa haraka. Mwombe ruhusa mwenye mbwa kabla ya yote. Watu huvumilia kovu la tumbo lakini hushtuka wakimwona mbwa wao ana vipara viwili usoni.

Elektrodi za sindano ndogo za kuchoma chini ya ngozi ndizo zinazofaa zaidi kwa mnyama aliyekwisha kulala. Hazihitaji gundi, hazibanduki kwa sababu ya mafuta ya manyoya, na mguso wake ni mzuri. Zile za kubandika za binadamu zinahitaji unyoe hadi ngozi, usugue kwa spiriti, ukaushe, na hata hivyo zitakuchosha.

Mpangilio ambao kikundi cha Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, kimeutumia kwa miaka mingi kwa wanyama wengi unafaa kuanzia. Elektrodi ya kupima iwekwe juu ya ukingo wa mfupa wa paji, karibu na pembe ya nje ya jicho. Ya kulinganishia iwekwe nyuma ya sikio, juu ya mfupa wa mastoidi. Ya ardhi iwekwe nyuma ya kisogo. Rudia upande wa pili wa kichwa ili uwe na njia mbili. Mbili ni muhimu kwa sababu upande mmoja ukichafuka wakati wa upasuaji, na utachafuka, unabaki na mwingine.

Choma kwa kulaza sindano, ipite chini ya ngozi bila kuingia kwenye msuli. Epuka kabisa ule msuli mnene wa pembeni mwa fuvu unaofunga taya. Kwa Boerboel au Rottweiler msuli huo ni mlima, na utarekodi kutafuna badala ya kufikiri. Funga waya zote pamoja kwa kuzisokota, uzipitishe nyuma ya shingo mbali na mpira wa kupumulia, uzibandike kwa plasta.

Kisha pima ukinzani wa kila elektrodi. Lenga chini ya kiloomu 5, na tofauti kati ya elektrodi na elektrodi iwe ndogo. Moja ikiwa 3 na nyingine 20, umeme wa taa utajaa kwenye mchoro wako hata ufanyeje. Mwisho, gonga kila elektrodi kwa kidole huku msaidizi anatazama skrini: ile uliyogonga ndiyo iruke. Isiporuka, umechomeka waya mahali pasipo pake.

Hatua ya 3: Mipangilio na kelele

Kichujio cha chini 0.5 Hz, cha juu 50 hadi 70 Hz, na kichujio cha umeme wa ukutani 50 Hz, ambao ndio wa Tanzania, Kenya na Uganda. Skrini ionyeshe sekunde 10 kwa mkupuo. Weka kipimo cha wima mahali pamoja, tuseme mikrovolti 100 juu na 100 chini, na usikiguse tena hadi mwisho. Programu nyingi hujirekebishia kipimo zenyewe. Zima kitu hicho. Kikiachwa, mstari uliolala utakuzwa hadi uonekane kama bahari ya Kusi, nawe utadhani mbwa yuko salama.

Pima pia kelele ya mfumo wako wenyewe. Unganisha ncha za elektrodi pamoja kabla ya kumchoma mnyama, uone mstari unatetemeka kiasi gani. Ukimya wa ubongo huhesabiwa pale wimbi linapokuwa chini ya mikrovolti 5 kwa nusu sekunde au zaidi. Kama kelele yako ni mikrovolti 8, hutauona ukimya huo maisha yako yote, hata ukiwa mbele yako. Hangaika na waya na betri kwanza.

Halafu jifunze wachafuzi wanne. Moyo huleta ncha zinazorudi kwa mpigo uleule wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Sogeza elektrodi ya shingoni juu zaidi. Kupumua huleta wimbi la polepole linaloenda na kifua au mashine, na wengi hulidhani delta: lihesabu, kama ni mara 12 kwa dakika, hilo ni pafu. Misuli huleta vinyweleo vya haraka vilivyojaa. Hivi vina habari pia, maana misuli ya kichwa ikiamka ghafla huenda mnyama naye anaamka. Mashine ya umeme ya kuchoma mishipa hufunika kila kitu inapowashwa. Subiri iachiwe ndipo usome. Tena hakikisha bamba lake la kurudishia umeme limeshika vizuri mwilini, kwa sababu likilegea, umeme hutafuta njia nyingine na sindano zako za kichwani zinaweza kuunguza ngozi.

Hatua ya 4: Chukua rekodi ya msingi

Mbwa hakubali kuchomwa sindano za kichwa akiwa macho, na usimlazimishe. Mara nyingi rekodi ya kwanza utaipata dakika chache baada ya kumlaza na kumwekea mpira wa koromeo. Rekodi dakika 2 hadi 3 bila mtu kumgusa, kabla ya kunyoa tumbo na kusafisha. Andika kiwango cha gesi anayoitoa akipumua ikiwa una kipimo chake, joto, shinikizo, dawa zote na saa ulizozitoa.

Hii ndiyo rula yako ya siku hiyo, kwa mbwa huyo. Usichukue namba za mbwa mwingine, sembuse za binadamu.

Hatua ya 5: Soma wimbi, kisha mchoro wa rangi, kisha namba

Kwa utaratibu huo, usiugeuze.

Wimbi lenyewe kwanza. Kila baada ya dakika 2 mpe skrini sekunde 10 za macho yako na ujiulize: ni la haraka na dogo? Ni kubwa na la polepole? Linakatika? Usingizi wa upasuaji kwa isoflureni huonekana kama mawimbi makubwa ya delta na theta, juu yake yamepanda vifungu vya mawimbi ya 8 hadi 14 Hz, na mchoro haukatiki. Ukiona hivyo, na shinikizo la damu ni zuri, acha vaporaiza ilivyo.

Mchoro wa rangi unaonyesha dakika zote zilizopita kwa pamoja: saa ikienda mlalo, kasi ya mawimbi ikienda wima, na rangi kali ikiwa ni nguvu. Ndio unaokusaidia kuona mwelekeo. Rangi ya juu inapofifia na ya chini kukolea, usingizi unazidi. Inapokolea juu ya 20 Hz ghafla, uliza: maumivu, misuli, au ketamini?

Namba zinakuja mwisho, na mbili zinatosha. SEF95 ni kasi ambayo chini yake kuna 95% ya nguvu yote ya wimbi. Dawa ikizidi, hushuka. Ila ubongo ukianza kukatika SEF95 hupoteza maana, kwa kuwa mashine inachanganya milipuko na kelele ya ukimya. Hapo unahamia namba ya pili, asilimia ya ukimya: katika sekunde 60, sekunde ngapi zilikuwa kimya? Zikiwa 15, ni 25%. Unaweza kuihesabu kwa saa ya mkononi.

Namba yoyote kutoka kwenye mashine hiyo ni wastani wa sekunde zilizopita, kwa kawaida 15 hadi 30 au zaidi. Wimbi hukuonyesha sasa hivi. Namba inakuhadithia yaliyopita.

Hatua ya 6: Wimbi likikatika, fanya nini

Milipuko na ukimya kwa mbwa mwenye afya anayepumua isoflureni pekee huanza kuonekana karibu na mara 1.5 hadi 2 ya MAC. Kwa mzee, kwa mwenye ugonjwa wa ini, au kwa aliyepata opioidi (jamii ya morfini) na dawa za kutuliza, huja mapema zaidi, na hapo ndipo kifaa kinapolipa gharama yake.

Kabla hujagusa vaporaiza, tumia nusu dakika kuangalia mambo mengine yanayopunguza kasi ya ubongo. Oksijeni ya damu ikoje? Shinikizo la wastani liko juu ya 60 mmHg? Joto? Sukari, hasa kwa mtoto wa mbwa na mwenye kisukari? Ukimya wa ubongo unaotokana na shinikizo la 45 hautibiwi kwa kupunguza gesi tu, ni dharura. Uzuri ni kwamba gesi ikipungua, mara nyingi shinikizo nalo hupanda, kwa hiyo anza na gesi huku ukishughulikia mengine.

Punguza vaporaiza kwa robo ya kiwango kilichopo. Ongeza mtiririko wa oksijeni, maana kwenye mzunguko wa kufunga wenye mtiririko mdogo badiliko la vaporaiza huchukua muda mrefu kufika mapafuni. Subiri dakika 5. Ukimya ukiisha na vifungu vya 8 hadi 14 Hz vikarudi, umefika. Usipoisha, punguza tena.

Mstari uliolala kabisa na moyo bado unapiga: funga gesi, mpumulie kwa oksijeni tupu, pima mapigo ya mshipa, tafuta sababu. Lakini kwanza tazama kama waya umechomoka. Nasema hili kwa uzito. Waya uliochomoka huwa na mstari wa kelele ya 50 Hz au uliokufa ghafla kama umekatwa kwa kisu. Ubongo uliozama hupitia milipuko kwanza.

Hatua ya 7: Kisu kinapogusa

Daktari akikata, wimbi linaweza kufanya moja kati ya mambo matatu. Linaweza kuwa la haraka na dogo, yaani ubongo unaelekea kuamka. Linaweza, kinyume cha matarajio, kuwa la polepole zaidi, delta ikajaa ghafla pamoja na kupanda kwa mapigo. Hii huwapotosha wengi, wanadhani mnyama amezama kumbe ni maumivu. Au lisibadilike.

Mawili ya kwanza yakitokea, silika ya wengi ni kufungulia gesi. Isoflureni haizuii maumivu. Inamzamisha tu anayeumia. Anza na dawa ya maumivu: fentanili, au nyongeza ya morfini, au lidokaini ya ganzi kwenye neva ya eneo linalokatwa. Mwaka 2007 kikundi cha Massey kilichapisha kazi juu ya ndama waliokatwa pembe wakiwa wamelazwa kwa halotheni kidogo: EEG ilibadilika pale pembe zilipokatwa, na waliodungwa kwanza ganzi ya lidokaini hawakuonyesha badiliko hilo. Ndama walikuwa wamelala wote. Ubongo wa walioumizwa bila ganzi uliendelea kupokea habari.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuchoma lidokaini hata kama mnyama "kalala", na haihitaji EEG yoyote kuifuata.

Mfano mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tuseme ni mbwa jike wa ulinzi, miaka 11, kilo 28, anatolewa uvimbe kwenye ziwa. Amepewa asepromazini kidogo ya kutuliza na morfini, akalazwa kwa propofoli ya polepole, isoflureni imewekwa 2%.

Dakika ya 5: mawimbi makubwa, beta ya mwanzo imepita, mchoro haukatiki. Shinikizo la wastani 72. Unaanza kunyoa.

Dakika ya 15: hakuna anayemgusa, daktari ananawa mikono. Msaidizi anaita, "Daktari, naona kama mstari unakatika." Ukimya wa sekunde moja, mlipuko, ukimya tena, kwa dakika nzima unafika karibu 20%. Shinikizo 61. Kope, taya na jicho havijasema kitu kipya. Gesi inashushwa hadi 1.5%, mtiririko unaongezwa.

Dakika ya 22: ukimya umeisha, shinikizo 70. Daktari anachoma lidokaini kuzunguka uvimbe, kisha anakata. Wimbi halibadiliki.

Dakika ya 40: anavuta tishu iliyoshikana na msuli. Delta inajaa, mapigo yanapanda kutoka 80 hadi 118. Anapewa fentanili. Ndani ya dakika 2 mchoro unarudi ulipokuwa, gesi haijaguswa.

Bila wimbi, kule dakika ya 15 huenda angepewa maji ya ziada na dawa ya kupandisha shinikizo huku sababu yenyewe ikiendelea kumiminwa kutoka kwenye vaporaiza.

Ketamini, zailazini na wenzao

Kanuni ya "polepole ni usingizi" hapa inavunjika. Ketamini huongeza mawimbi ya haraka, hadi gama, wakati mnyama hana habari na dunia. Namba za vifaa vya binadamu hupanda. Jicho liko wazi na katikati, kope zinapepesa. Ukisoma mchoro huo kwa macho ya isoflureni utamwongezea dawa mnyama ambaye hakuhitaji. Naitrasi oksaidi nayo ina tabia inayofanana.

Dozi ikiwa kubwa sana mambo hugeuka tena. Watafiti wa Cambridge walichapisha mwaka 2020 rekodi za kondoo waliopewa ketamini 24 mg/kg kwenye mshipa: wengi wao shughuli ya gome la ubongo ilizimika kabisa kwa dakika kadhaa, kisha ikarudi. Hiyo si dozi ya kliniki, ila inaonyesha jinsi dawa hii isivyofuata mstari ulionyooka.

Dawa za kutuliza kama zailazini, medetomidini na deksmedetomidini huleta delta kubwa na vifungu vinavyofanana sana na usingizi wa kawaida wa usiku. Wimbi linaonekana zito, lakini mnyama huyo anaweza kuamshwa na mlango uliobamizwa, na akaamka na meno. Kwa hiyo kama kliniki yako inafanya kazi kwa zailazini na ketamini tu, ushauri wangu ni kuiweka fedha ya EEG kwenye kipimo cha oksijeni ya damu na cha kaboni dioksidi kwanza. Havina mvuto, ila vinaokoa maisha mengi zaidi.

Wanyama wengine, kwa ufupi

Paka anasomeka kama mbwa, isipokuwa kichwa ni kidogo na elektrodi zinakaribiana, basi wimbi linakuwa dogo. Sevoflureni nyingi kwa paka inaweza kuleta ncha kali zinazofanana na kifafa, ukiziona, punguza.

Nguruwe ana uwazi mkubwa wa hewa ndani ya mfupa wa paji, hivyo umeme unafika juu umechoka. Usidhani amezama kwa sababu wimbi ni dogo.

Farasi hufa kwa nusukaputi zaidi kuliko mbwa, karibu 1% ya wasio na ugonjwa wa tumbo katika takwimu kubwa za kimataifa za mwaka 2002, ikilinganishwa na 0.17% ya mbwa wa Uingereza zilizochapishwa 2008. Macho yake yanayocheza usingizi ukipungua huingia kwenye mchoro kama mawimbi ya polepole. Tazama jicho na skrini kwa pamoja.

Anayepewa dawa ya kulegeza misuli, awe nani, ndiye anayehitaji EEG kuliko wote: hawezi kujitikisa, hawezi kupepesa, na mchoro wake ni safi kwa sababu misuli imenyamaza.

Hatua ya 8: Kuamsha na kuhifadhi

Funga gesi lakini acha elektrodi. Utaona vifungu vikififia, beta ikirudi, kisha vinyweleo vya misuli. Vinyweleo vikitokea, chomoa sindano zote upesi, uzihesabu, uzitupe kwenye boksi la vyenye ncha kali. Usiondoke baada ya hapo. Katika takwimu zilezile za Uingereza, karibu nusu ya vifo vya mbwa na zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji, vingi vikiwa ndani ya saa 3 za kwanza.

Hifadhi faili la wimbi ghafi, si picha ya skrini wala namba peke yake, pamoja na karatasi ya saa: dawa, kisu, kuvuta, joto, shinikizo. Wiki hiyohiyo lifungue ukiwa umetulia, ulisome bila kutazama karatasi, ubashiri daktari alikata lini na gesi ilibadilishwa lini, kisha ulinganishe. Ukifanya hivyo kwa mbwa 20 wa dawa zilezile utakuwa na jedwali la kliniki yako mwenyewe. Na pale bashiri yako ilipokosea, weka alama kwenye faili na umwite mwenzako aitazame bila kumwambia wewe ulidhani nini.